Stendi ya Magufuli Mbezi: ukishafika raha, kufika ndiyo kazi

Naishi Mbagala, kwetu Iringa, kwa hiyo vumbi la stendi za Dar nimelila la kutosha. Kisutu nilikwenda nimeshikwa mkono na baba. Ubungo nimepandia miaka na miaka, begi nimelikumbatia kama mtoto mchanga, maana wapigadebe wanakuvuta wewe huku, begi kule, na kila mmoja anaapa basi lake ndilo linaondoka sasa hivi.

Tangu Februari 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ni Mbezi Luis. Magufuli aliizindua tarehe 24, siku moja na daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, ikapewa jina lake. Mwezi uliofuata akafariki.

Jengo sina neno nalo. Ni ghorofa, abiria ana pa kukaa, na uwanja ni mpana, basi linageuka bila kondakta kugonga bodi kama kichaa. Jumamosi nilikaa na chai na chapati mbili, nikilitazama basi langu likipakiwa maboksi. Ubungo chai ulikunywa umesimama, tena jicho kwenye begi.

Shida ni kufika. Mimi nilizoea daladala hadi Kariakoo, basi la mwendokasi hadi Kimara, nashuka, daladala nyingine hadi Mbezi. Enzi zile mabasi mengi yaling'oa alfajiri, mke wangu aliniamsha saa 8 usiku, na bodaboda ikanila karibu nusu ya nauli ya Iringa. Waliporuhusu mabasi kutembea usiku mwaka 2023 ndipo stendi hii ikaanza kunifaa: natoka kazini, naoga, naondoka saa 3 usiku kama mtu mwenye akili timamu.

Kinachonichekesha ni kwamba tiketi bado nakatia Shekilango, jirani kabisa na Ubungo ya zamani. Safari hii dada wa ofisi ya tiketi akaniambia, "Kaka, si upandie hapa hapa? Mbezi tunapita tu." Nikatoka kuchungulia stendi yetu ya zamani. Pamesimama maduka makubwa ya biashara. Geti tulilokuwa tukilipia kiingilio hata sikujua lilikuwa upande gani.

Ukiwa na mzee au mizigo, ulizia kama basi lako linapakia Shekilango. Ukiwa na begi moja nenda Mbezi, lakini wahi, chapati zile saa 2 usiku zimekwisha.