Usiku sita Nusa Lembongan, na siku bahari ilipopumzishwa

Kwa wenye haraka naanza na la muhimu: risoti yenyewe ni ya kawaida, chumba cha kawaida, bwawa dogo, waifai inakatakata jioni, na bado nikipata nafasi narudi. Sababu nataka niieleze vizuri maana kabla sijalipia nilisoma maoni ya watu wengi na karibu wote walikuwa wanaongelea godoro na kifungua kinywa, hakuna aliyesema kwamba ukikaa pale unaishi katikati ya ibada ya watu, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, na ukitulia kidogo utaiona bila kulipia ziada hata rupia moja.

Nusa Lembongan ni kisiwa kidogo kusini mashariki mwa Bali, Indonesia, kina ndugu zake wawili Nusa Ceningan na Nusa Penida, vyote viko wilaya ya Klungkung. Boti ya kasi kutoka Sanur ni kama nusu saa. Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu, tukafikia kijiji cha Jungutbatu kwa rupia 850,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Ukiingia Bali kuna tozo ya wageni ya rupia 150,000 kwa kila kichwa, ilianza Februari 2024, lipeni mtandaoni kabla ya safari yaishe. Boti ikifika kisiwani mnashukia kwenye maji, mnakunja suruali mpaka magotini, vijana wanabeba mabegi, kwa hiyo msivae viatu vya maana siku hiyo. Jina la risoti siandiki kwa sababu nina malalamiko na nimeshampa meneja uso kwa uso.

Chumba kisafi, feni nzuri, shuka zinabadilishwa. Bafu lina unyevu. Basi hayo yametosha.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na mbili kasoro kwa harufu ya udi. Nikafungua mlango taratibu nikamkuta mama mmoja kajifunga kamen, ile nguo yao ya kiunoni kama kikoi, na kitambaa cha njano kimebana kiuno, mkononi ana sinia limejaa visahani vidogo vya makuti vyenye maua. Akachuchumaa mbele ya kizingiti chetu, akaweka kimoja chini, akachomeka kijiti cha udi, akachovya ua kwenye maji akanyunyiza, halafu akaupeperusha ule moshi kwa vidole mara tatu, polepole, kama mtu anayemwonesha mgeni njia. Hakunitazama mpaka alipomaliza. Ndo akainuka, akatabasamu, akaenda mlango wa pili. Labda ilikuwa dakika moja yote kwa yote, ila mimi nilibaki nimesimama pale mlangoni mpaka kile kijiti kikaisha.

Vile visahani vinaitwa canang sari na nakwambia Bali nzima utavikuta, kwenye ngazi, kwenye kaunta ya duka, juu ya dashibodi ya gari, kwenye pua ya boti. Siku ya pili nikaomba nikae na yule mama wakati anavitengeneza. Pale kila mtu anamwita Ibu, ndo mama kwa heshima, vijana wa kiume unawaita Bli yaani kaka na wa kike Mbok yaani dada, tukajizoesha hivyo hivyo na tuliona kabisa nyuso zinafunguka. Ibu anaongea lugha ya Indonesia na ya Bali tu, Bli wa mapokezi akawa anatutafsiria huku anapokea simu.

Anachukua makuti machanga ya mnazi, yale bado laini yana rangi kama ya maziwa, anakata kwa kisu anakunja kisahani cha pembe nne. Zamani walikuwa wanabana kwa vijiti vya mwanzi tu, siku hizi stepla ipo pembeni yake anaitumia akizidiwa. Ndani kabisa, chini ya maua, anaweka kitu kidogo ambacho usipoambiwa hukioni. Akanikunjulia nione. Jamani, tambuu! Jani la tambuu, kipande cha popoo na chokaa, vitu ambavyo kwa lugha yetu vina majina tangu enzi za bibi zetu, na mimi nilisafiri nikidhani naenda kuona mambo mageni kabisa. Wao wanaita porosan na bila hiyo sadaka haijatimia hata maua yawe mazuri vipi, maana vitu vitatu vile vinasimama kwa ajili ya Brahma, Wisnu na Siwa, miungu wakuu watatu wa dini yao ya Kihindu. Maua juu yake yanafuata dira, meupe mashariki, mekundu kusini, ya njano magharibi, ya bluu au ya kijani kaskazini, na katikati majani ya kunukia yaliyokatwakatwa nyuzi nyuzi. Mimi nikaweka mekundu mashariki. Ibu hakusema neno, alinishika mkono akausogeza, tukaendelea.

Nilihesabu vya siku ile vilikuwa arubaini na viwili, kwa risoti yenye vyumba kumi na vinne. Vingine vinawekwa juu kwenye vijumba vya ibada kwa ajili ya miungu na mababu, vingine chini kabisa ardhini kwa ajili ya bhuta kala, wale viumbe wa vurugu, na wao wanapewa chao ili watulie wasisumbue. Hiyo ya kumpa hata msumbufu fungu lake ilinigusa sana, mpaka leo naifikiria. Kuku wakija kudonoa punje za wali zilizo kwenye visahani hakuna anayewafukuza maana moshi umeshapanda na kiini cha sadaka, kilichobaki ni chakula tu. Wewe mgeni angalia tu unapokanyaga, udi ukiwa bado unawaka usiruke juu yake, zunguka.

Jikoni nako hivyo hivyo. Wakishapika asubuhi, kabla mtu yeyote hajala, punje chache za wali zinawekwa kwenye vipande vya jani la mgomba, kimoja jikoni penye moto, kimoja kwenye maji, kimoja kwenye kijumba cha ibada. Ndo mnahudumiwa. Kwa hiyo chai ikichelewa dakika kumi tulieni, kuna waliotangulia.

Kuhusu chakula, kwa tusiokula nguruwe ulizeni mapema maana Bali nguruwe ni chakula cha sherehe, babi guling, yule nguruwe mzima wa kuchoma, inasifiwa kila kona. Tuliposema, mpishi akatuambia atatumia sufuria nyingine na alifanya hivyo siku zote sita, mara mbili niliingia jikoni mwenyewe nikaona. Sate lilit ya samaki ndo agizeni, samaki anasagwa na viungo anabandikwa kwenye kijiti cha mchaichai anachomwa, na sambal matah pembeni, vitunguu vibichi, pilipili, mchaichai, mafuta ya nazi. Tambi zao za kukaanga hapana, zina mafuta mengi.

Sasa lalamiko langu la kwanza. Kwenye kona ya bustani karibu na bwawa kuna kijumba chao cha ibada, kimezungushiwa ukuta mfupi, na pembeni kuna mti umefungwa kile kitambaa chao cha miraba nyeusi na nyeupe kinachoitwa poleng, alama ya vinyume viwili vinavyoishi pamoja. Vitanda vya jua vimepangwa hatua tatu kutoka pale. Siku ya tatu mgeni mmoja katoka majini, kachukua taulo lake linachuruzika na chupi ya kuogelea, kaanika juu ya ule ukuta, kalala zake. Bli wa bwawa akaja, hakumwamsha, akavichukua kwa mikono miwili akavikunja akaviweka kwenye kiti, akaenda ndani akarudi na udi akauwasha pale ukutani. Mimi niliona aibu kama nimefanya mimi. Na namlaumu mgeni kidogo ila risoti zaidi, maana vyumbani mna karatasi ya bei za masaji, ya bei za kukodi skuta, ya menyu, na hakuna hata mstari mmoja unaomwambia mgeni kwamba ukuta ule ni wa ibada. Hamishieni vitanda upande wa pili, nafasi ipo. Meneja alinisikiliza, akaandika, siku tunaondoka vitanda viwili vilikuwa vimesogezwa. Bado vinne.

Sifa yao kubwa jioni. Saa kumi na mbili vipaza sauti vya hekalu la kijiji vinatoa sala ya Tri Sandhya, ndo sala zao za mara tatu kwa siku, alfajiri, mchana na magharibi, na baa ya pale wanazima muziki mpaka iishe. Hakuna anayetangaza kitu, muziki unazimwa tu, na mbele yenu jua linazama na Gunung Agung unaonekana ng'ambo ya maji, ule mlima mtakatifu wa zaidi ya mita 3,000 uliolipuka 1963. Baa ya jirani wao waliendelea kupiga.

Tuje kwenye bahari. Tulikuwa tumepanga kuondoka siku fulani, tiketi ya boti tumeshalipia kwa wakala mmoja wa mtandaoni. Siku mbili kabla, Bli wa mapokezi akatuuliza tunaondoka lini, tukamwambia, akatikisa kichwa, siku hiyo hakuna boti. Kumbe ni Nyepi Segara. Wengi tunaijua Nyepi ile kubwa, mwaka mpya wao wa kalenda ya Saka, Bali nzima inanyamaza masaa 24, hakuna taa, hakuna kazi, hakuna kutoka, hata uwanja wa ndege wa Ngurah Rai unafungwa. Ila visiwa hivi vitatu vina na Nyepi yao ya bahari, inaangukia mwezi mpevu wa mwezi wa nne wa kalenda yao, mara nyingi karibu na Oktoba. Siku hiyo bahari inapumzishwa. Hakuna boti, hakuna kuvua, hakuna kuzamia, hakuna kuogelea, hata mwani hauguswi, kwa heshima ya Baruna mungu wa bahari. Nchi kavu maisha yanaendelea.

Wakala alituuzia tiketi ya siku hiyo bila neno, tukamwandikia akajibu mara moja kwamba tusubiri, akapotea. Hela ile mpaka leo. Nawaomba mnaokwenda miezi hiyo, waulizeni risoti yenyewe kuhusu tarehe kabla hamjakata tiketi yoyote. Risoti wao walitupunguzia usiku ule wa ziada nusu bei na wala hatukuomba, ndo ukawa wa sita.

Na ile siku yenyewe sijui niieleze vipi. Jungutbatu siku zote ina mngurumo wa injini kuanzia asubuhi mpaka unauzoea husikii tena. Siku ile tukausikia kwa kutokuwepo kwake. Boti zote zimefungwa zinayumba tu, maji yamekuwa kioo, mashamba ya mwani yanaonekana mistari mistari chini mpaka mbali. Mzee mmoja mkulima wa mwani alikaa ukingoni na mjukuu wake, akatueleza kwa Kiingereza kidogo na mikono mingi kwamba utalii ulipokuja wengi waliacha mwani, 2020 wageni walipokatika wakarudi kwenye kamba zao, bahari ikawapokea. Siku moja kwa mwaka ya kuiacha ipumzike anaona ni kidogo. Ibu alinunua maua jana yake maana maua yao mengi yanavuka kwa boti, akayafunika kwa kitambaa kibichi usiku kucha.

Mchana tukapanda hekalu la kijijini. Mnavaa kamen na kitambaa cha kiunoni, risoti wanaazimisha bure, na mwanamke aliye kwenye siku zake haingii, kibao kimeandikwa pale mlangoni. Dada yangu ilimkuta, akabaki kibandani na chai, muuzaji akamkalisha wakapiga stori lisaa lizima. Ndani kaa nyuma, usisimame juu kuliko kuhani, usipite mbele ya wanaosali. Kuhani alininyunyizia maji na kunibandika punje za wali kwenye paji la uso kama wengine wote, sikuombwa hela, nikaweka mwenyewe kwenye sanduku.

Kuna pia kifurushi cha "baraka kwa wageni" wanakiuza pale mapokezi, rupia 400,000, na mpiga picha. Sikukichukua na sikipendi. Kama mnataka kuona ibada ya watu hawa amkeni mapema tu.

Asubuhi ya kuondoka injini zikarudi. Boti ya kwanza, kabla nahodha hajawasha, mkewe aliingia majini mpaka mapajani, kamen imelowa, akapandisha canang kwenye pua ya boti akawasha udi kwa kukinga upepo na kiganja. Wageni tumejaa tunasubiri, hakuna aliyeharakisha.

Vyumba ombeni vya upande wa bustani, namba tano mpaka nane. Vya ufukweni ni ghali zaidi kwa rupia 200,000 na Ibu akifika huko jua limeshatoka.