Uzoefu wangu: mita ya klampu ya UT210E kwenye Hilux ya dizeli ya zamani

Kwa mwenye pikapu ya dizeli ya miaka ya 1990, hasa Hilux ya injini ya 2L au 3L, sijaona kifaa cha umeme kinachorudisha gharama yake haraka kama mita ya klampu, ile inayobana waya kwa nje na kusoma mkondo bila kuukata, inayopima ampea za DC (umeme wa betri). Ninayoitumia ni UNI-T UT210E. Ni ndogo, inakaa mfuko wa shati, inakula betri mbili za AAA, na bei yake iko chini ya betri mpya ya N70, ile ya ampea-saa 70. Haitoshi peke yake, na nitaeleza inapokwama.

Ukienda dukani angalia herufi ya mwisho. UT210A, B na C klampu zake hupima AC tu (umeme wa nyumbani), kwa hiyo ni za fundi wa nyumba. Ukizibana kwenye waya wa gari hazisomi chochote cha maana. D inapima DC lakini haina kipimo cha chini cha 2A. E ndiyo yenye 2A, na pale inasoma hadi miliampea 1. Uamuzi wangu wa kuipendelea unatokana na kipimo hicho kimoja.

Sababu ni lile tatizo sugu la kitu kinachoiba umeme wa betri gari likiwa limezimwa: gari linalala zima, asubuhi stata inalia "tik". Njia ya kizamani ni kufungua kichwa cha betri na kupitisha mkondo ndani ya mita. Ina kasoro mbili. Ukisahau ukawasha taa au ukapiga stata, mita ya bei rahisi inaungua, na tundu lake la 10A mara nyingi halina fyuzi kabisa. La pili ni baya zaidi: ukikata betri, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyokuwa imeng'ang'ania inaachia. Ukirudisha waya, wizi wa umeme umekwisha, unasoma namba nzuri, unafunga boneti, na baada ya siku mbili gari halijiwashi tena. Klampu haikati kitu. Unalikuta kosa likiwa kazini.

Fanya hivi. Toa ufunguo, zima redio, funga milango au bana swichi ya taa ya ndani, subiri dakika chache. Weka 2A DC, shika mita kando ya waya wa betri katika mkao uleule utakaopimia, bonyeza ZERO, halafu bana. Mkao ni muhimu kwa sababu klampu ya DC inahisi sumaku, ikiwemo ya dunia. Ukiigeuza baada ya ZERO, namba inahama bila mkondo wowote kupita. Kwenye Hilux, upande wa hasi huwa na waya mnene unaokwenda kwenye injini na mwembamba unaokwenda kwenye bodi. Bana yote miwili kwa pamoja, la sivyo unapima nusu ya habari.

Gari la aina hii halina kompyuta ya kulisha. Saa na kumbukumbu ya redio ni miliampea 10 hadi 30. Likiwa na kingamwizi au kifaa cha kufuatilia gari, ongeza makumi kadhaa. Ikivuka 50 bila vitu hivyo, anza kutafuta. Ikiwa 500, hiyo ni ampea-saa 12 kwa siku. N70 yenye ampea-saa 70 inabaki nusu kwa siku tatu, na injini ya dizeli yenye mgandamizo wake haitaki kuzungushwa na betri nusu.

Kujua ni njia ipi ya umeme inayovuja, watu wengi huchomoa fyuzi moja moja. Mimi siwashauri, kwa sababu ileile ya rilei. Hapa ndipo mita ya njano ya DT-830, ile ya bei chee, inapoizidi UT210E. DT-830 ina kipimo cha 200mV kinachosoma hadi 0.1mV, UT210E inaishia 1mV. Kwa pini za mita, gusa vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo juu ya kila fyuzi ya bapa bila kuichomoa. Fyuzi ambayo haipitishi kitu inasoma sifuri. Fyuzi ya 10A inapopitisha miliampea 100 inasoma kati ya 0.7 na 0.8mV, ya 15A karibu 0.5. Boksi zima unalimaliza kabla chai haijapoa.

Kama fyuzi zote ziko kimya na klampu bado inasoma, nenda kwenye vile visivyopita boksini: waya wa B wa alteneta (ule mnene unaopeleka chaji kwenye betri), rilei ya hita plagi (plagi zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha), stata. Bana waya wa B injini ikiwa imezimwa. Inapaswa kuwa karibu sifuri. Ikionyesha mamia ya miliampea, diodi ya alteneta, inayopaswa kuzuia umeme usirudi nyuma, inavuja. Dalili yake ya mkononi ni alteneta yenye uvuguvugu asubuhi kabla gari halijawashwa.

Kwenye hita plagi mita hii ni raha tupu. Bana waya unaokwenda kwenye reli ya plagi (bamba la chuma linalounganisha plagi zote), mwenzako awashe ufunguo. Plagi nzima ya 12V hula takriban ampea 8 hadi 12 baada ya sekunde chache, kwa hiyo nne zinakupa 32 hadi 48. Ukiona robo imepungua, moja imekufa, nusu, mbili. Hujafungua nati hata moja. Kujua ipi, toa reli, kisha unganisha taa ya majaribio kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha kila plagi: isiyowasha taa, imekatika. Pima pia injini ikiwa imeshapata moto. Kama ampea 30 na kitu bado zinapita, rilei imeganda na plagi zinakula chaji, na alteneta unayotaka kuibadilisha haina kosa.

Onyo moja hapa. Baadhi ya Toyota hizi zina mfumo wa rilei mbili na rezista, na plagi zake si za 12V. Volti imeandikwa kwenye plagi yenyewe, isome. Ile tabia ya kuruka taima inayokata umeme wa plagi na kufunga swichi ya kubonyeza moja kwa moja kutoka betri inazichoma plagi za 6V kwa sekunde chache, na ncha ikivimba au kukatika, kipande kinaangukia ndani ya silinda.

Stata mita hii haiwezi kuipima. Inaishia 100A, na stata ya dizeli hula mamia. Hapa rudi kwenye volti. Wakati wa kupiga stata, betri isishuke chini ya 9.6V. Weka pini moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata: zaidi ya 0.3V maana yake athi (waya wa hasi kwenda injini) ni mbovu. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti ya stata, usizidi 0.5V. Gusa nguzo ya risasi ya betri yenyewe, si kibanio cha waya, kwa sababu uozo mwingi uko kati ya hivyo viwili.

Kwenye chaji, injini ikiwa inaunguruma na taa zikiwa zimewashwa, nataka volti 13.8 hadi 14.4 kwenye betri. Kisha weka AC volti palepale: zaidi ya 0.5 ni diodi. Usijaribu hili na DT-830. Ukiiweka AC kwenye betri inaweza kukuonyesha zaidi ya 20 na kukutisha bure. Chaji ikiwa ndogo, kabla ya kununua kaboni mpya (brashi za ndani ya alteneta), tazama nyuma ya alteneta. Za injini hizi hubeba pampu ya vakyumu ya breki, inayolainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani, inachanganyika na vumbi la kaboni kuwa tope jeusi, na kaboni zinaacha kugusa vizuri. Fundi akibadilisha kaboni akaiacha sili, utamrudia.

Malalamiko yangu mengine: inajizima yenyewe katikati ya kazi, na mdomo wa klampu ni mdogo, milimita 17, kwa hiyo nyaya mbili za betri zenye mkanda mwingi zinabanwa kwa taabu. Na kama mita zote za dijitali, inadanganywa na waya uliooza: unyuzi mmoja uliobaki unakuonyesha 12V kamili, lakini taa ya mbele haiwaki. Kwa hilo weka balbu ya 21W yenye nyaya mbili kwenye boksi la spana. Inavuta karibu ampea 1.75, na volti ya uongo inaanguka papo hapo.