Panchi za mapambo kwa kadi na albamu: ipi uinunue kwanza

Kwenye rafu ya panchi za mapambo, yaani vifaa vya kukata maumbo kwenye karatasi, jicho la mnunuzi hukimbilia kipepeo. Vipepeo hubandikwa kwenye kadi tano za mwaliko, ya sita wanachosha, na panchi inaishia kabatini. Mpangilio huu unafuata kigezo kimoja tu: panchi ifanye kazi ngapi tofauti kabla hujatoa hela ya nyingine.

Kabla ya umbo, kagua chombo chenyewe. Igeuze chini juu: kisu na tundu lake vyote viwe vya chuma. Plastiki iwe kwenye kiwiliwili tu. Kisha pima kina cha mdomo, yaani kutoka ukingo wa mbele karatasi inapoingilia hadi katikati ya umbo. Panchi nyingi hazifiki zaidi ya sentimita tatu hivi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utatoboa ua katikati ya kadi ya A5. Uliza pia kipimo cha umbo linalokatwa, kwa sababu namba iliyo kwenye boksi wakati mwingine ni upana wa panchi yenyewe. Panchi za inchi 1, 1.5 na 2 hukata milimita 25, 38 na 50 hivi.

Nenda dukani na vipande viwili vyako: karatasi ya fotokopi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) na manila ya gramu 200 au 220. Toboa kila kimoja mara tano. Manila ikitoka na nywele ukingoni, kisu ni butu. Fotokopi ikikunjamana badala ya kukatika, kuna nafasi kubwa mno kati ya kisu na tundu, na hilo halirekebishiki. Kadi ya gramu 300 usiijaribu: ndiyo inayokwamisha panchi nyingi.

1. Duara, mbili kwa pamoja: milimita 50 na 38

Hakuna anayelipenda duara dukani, na hakuna linalofanya kazi nyingi kulishinda. Bandika duara la 38 juu ya la 50 na unapata fremu ya milimita 6 kuzunguka jina la bibi harusi au tarehe. Ukitaka fremu nyembamba ya milimita 3, badilisha la 38 kwa la 44.

Usikate kwanza ndipo uandike. Chapisha au andika majina yote, geuza panchi chini juu, ingiza karatasi, kisha sogeza hadi maandishi yakae katikati ya tundu unaloliona. Ukitoboa panchi ikiwa imesimama kawaida unabahatisha, na majina hukatwa vichwa.

Duara pia ni malighafi. Kunja maduara matano ya milimita 25 katikati, gundisha mgongo kwa mgongo, na unapata tufe nusu linalosimama juu ya kadi. Kwa maduara ya 50 tufe hilo hufika kimo cha milimita 25 na bahasha haifungi, kwa hiyo liache kwa jalada la albamu. Karatasi iliyobaki na tundu usiitupe: iweke juu ya kadi, gusagusa wino kwa sponji iliyokauka kiasi, na una stensili. Sponji ikilowa, wino hupenya chini ya ukingo na duara huota ndevu.

2. Panchi ya kona

Pembe kali hujikunja masikio ndani ya bahasha, na picha za albamu huanza kubanduka hapohapo. Kona iliyoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 5 inatosha kwa kadi, na ya 10 inapendeza kwa picha. Zipo zenye vipimo vitatu katika chombo kimoja. Kadi 200 ni kona 800, hivyo chagua ya kubonyeza kwa kiganja ukiwa umeiweka mezani, si ya kuminya kwa vidole kama koleo.

Kuna ndugu yake asiyejulikana sana: anayekata mpasuo badala ya kuviringisha. Kata manila iliyozidi picha kwa milimita 10 kwa urefu na kwa upana, pasua kona nne, kisha chomeka picha bila gundi. Kwa picha za zamani zisizo na nakala, hii ndiyo njia, maana siku yoyote unaichomoa nzima. Jaribu kwanza kwenye karatasi mbovu, kwani umbali wa mpasuo kutoka ukingoni hutofautiana kati ya panchi na panchi.

3. Panchi ya pindo

Kadi, kama kanga, hupendeza ikiwa na pindo na mji. Lakini hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hutoboa kadi yenyewe. Kadi ya A6 ina urefu wa milimita 148. Nakshi inayojirudia kila milimita 25 itaingia mara tano na kubakiza milimita 23, yaani ua la mwisho hutoka bila kichwa.

Fanya hivi. Kata ukanda wa upana wa milimita 30 na urefu wa 200. Anza kutoboa katikati ya ukanda, kisha nenda kulia, rudi kushoto. Kila mara sogeza karatasi mpaka nakshi uliyokwisha kutoboa ilalie mchoro uliochapwa kwenye kitako cha panchi, na ukingo uguse ukuta wa nyuma. Ukimaliza, pima kutoka katikati milimita 74 kila upande, punguza ncha, kisha bandika ukanda juu ya kadi. Pande zote mbili zitalingana. Ukanda ukikosewa, umepoteza ukanda, si kadi iliyokwisha chapishwa.

Nakshi ikianza kupinda, chanzo kwa kawaida ni karatasi kutougusa ukuta wa nyuma mara moja tu. Kosa la nusu milimita hubebwa hadi mwisho.

4. Ua la petali tano au sita

Nunua la milimita 50, na baadaye la 25 la kuweka juu yake. A4 moja hutoa maua 20: kata kanda nne za milimita 52 kwa urefu wa karatasi, kila ukanda maua matano. Nyunyizia maji kidogo, zungushia petali kwenye penseli, acha zikauke, kisha bandika dogo juu ya kubwa. Karatasi iliyochapishwa kwa printa ya wino isinyunyiziwe, rangi itachuruzika. Tumia gramu 120 hadi 160, kwa sababu manila nzito hukunjika kwa mstari badala ya kujiviringisha.

5. Moyo mdogo, milimita 16 hadi 25

Mioyo minne, ncha zikikutana, ni jani lenye sehemu nne la mmea wa klova. Moyo mmoja ukiukunja katikati ni petali. Na vipande vyake ni vya kurusha harusini.

6. Kipepeo, theluji, mnara wa Eiffel na wenzao

Nunua ukishapata oda inayomtaka. Maumbo yenye matundu membamba ndani hukwama mapema kuliko mengine, hasa kwa karatasi yenye nyuzinyuzi kama pamba.

Seti za panchi kumi ndogo za plastiki zinawafaa watoto na fotokopi. Kwa oda ya harusi, hapana.

Msimu wa masika karatasi hunyonya unyevu na kuchanika badala ya kukatika. Itunze kwenye mfuko uliofungwa. Panchi ikianza kuwa nzito, paka karatasi nta ya mshumaa na uitoboe mara kumi. Mafuta ya kupikia yatachafua kadi zako. Karatasi ikitoka na nywele, toboa karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa mara nne. Itasafisha makali, ila kisu kilichomeguka hakitapona. Na panchi iliyokwama ikigoma kabisa, iweke kwenye friza dakika kumi ndani ya mfuko, kisha sukuma kisu kutoka chini kwa kitako cha penseli, si kwa bisibisi.