Daladala za Dodoma: zinapofaa na zinapokuacha njiani

Mgeni akishuka Dodoma huona Nyerere Square, soko la Majengo na stesheni ya zamani ya reli vimekaa jirani, akadhani mji wote ndio huo. Sivyo. Eneo la Jiji ni zaidi ya kilomita za mraba 2,500, karibu mara mbili ya mkoa mzima wa Dar es Salaam, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179 tu, kama sehemu moja ya saba ya watu wa Dar. Ugumu wa daladala za hapa unaanzia kwenye hesabu hiyo. Daladala huishi kwa abiria wa kupanda na kushuka njiani, na Dodoma katikati ya mtaa na mtaa unaweza kukuta vichaka, viwanja vilivyopimwa visivyojengwa na vilima vya mawe.

Mji ulipangwa hivyo. Baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, ramani ya 1976 iliyochorwa na kampuni ya Canada iligawa mji katika jamii ndogo zenye nafasi wazi kati yake, zikiunganishwa na mabasi yenye njia zake yenyewe. Nafasi wazi zipo hadi leo. Njia za mabasi hazikujengwa, na kazi hiyo wanaifanya Hiace na Coaster za watu binafsi.

Jambo la kwanza ni kuzijua barabara kuu nne. Mashariki ni ya Dar es Salaam: Bunge, Nanenane, Ihumwa, Mtumba, hadi Chamwino. Kaskazini ni ya Arusha, inayopita Miyuji na Chuo cha Mipango kuelekea Msalato. Magharibi ni ya Singida, kupitia Kizota hadi Nala. Kusini ni ya Iringa. Daladala nyingi hufuata mojawapo ya barabara hizi au hujitenga nayo kidogo kuingia mtaani, kisha hurudi katikati, kwenye vituo kama Sabasaba na Jamatini.

Kwa safari ya kutoka katikati kwenda nje, au kurudi, huduma ni nzuri na tunaisifu bila kusita. Asubuhi magari ni mengi, nauli ni ndogo, na konda ukimtajia kituo mapema atakushusha penyewe. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipanga Desemba 2023 nauli ya shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Ukivuka hapo inapanda. Beba noti ndogo.

Safari za kukata mji ndizo zinazochosha. Kutoka Miyuji kwenda Nzuguni, au Nkuhungu kwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kwa kawaida unaingia kwanza katikati na kupanda gari la pili: nauli mbili, na kusubiri mara mbili, kwa kuwa gari haliondoki kituoni mpaka lijae. Mchana, baada ya saa sita, kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu kuliko safari yenyewe. Barabara ya mzunguko wa nje, ya kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba na Ihumwa, lakini iko mbali mno na mitaa kumsaidia mtu wa daladala. Kwa hiyo usichague nyumba ya wageni kwa bei peke yake. Mwenye shughuli Mtumba alale Kisasa, Ilazo au Nzuguni, upande huohuo wa mashariki. Hata ukija kwa basi la mkoani, stendi kuu iko Nanenane. Anayekwenda Ilazo hana sababu ya kupelekwa mjini kwanza, hata wapiga debe wakisema nini.

Mtumba, Mji wa Serikali, ni kama kilomita 17 kutoka katikati. Saa za kazi serikalini ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, na barabara ya Dar hujaa nyakati hizo mbili. Ondoka mjini kabla ya saa 12:30. Hakikisha kwa simu kwamba ofisi unayoifuata iko huko, kisha uliza jengo la wizara liko upande gani: wizara zimetawanyika, kivuli ni kidogo, na ukishushwa upande usio wako utatembea sana juani.

Majina nayo yanapoteza watu. Chamwino ya Ikulu iko nje kabisa, njia ya Dar. Chamwino nyingine ni kata ya mjini. Ukitaja jina tupu kwa bodaboda mtagombana juu ya bei mkiwa mmeshafika pasipo penyewe. Hospitali pia: ya Rufaa ya Mkoa, wengi wanayoiita General, iko mjini, ya Benjamin Mkapa iko kwenye eneo la UDOM. Na UDOM yenyewe ni vyuo vilivyoachana mlimani, kwa hiyo taja chuo, usiseme "UDOM" tu.

Kosa kubwa la huduma hii ni kukatisha ruti. Jioni, gari likibaki na abiria watatu wanne, dereva anageuza kabla ya mwisho wa njia. Mnayo haki ya kufikishwa kituo kilichoandikwa ubavuni, au kurudishiwa nauli. Idai kabla gari halijageuka.

Usiku usizitegemee daladala. SGR, treni ya reli ya kisasa, iliyoanza safari za Dar–Dodoma Julai 25, 2024, imeleta abiria wanaofika wakati magari yamepungua. Anayefika usiku apange teksi au bajaji kabla ya kupanda treni. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, vyumba karibu na mjini hujaa, na wengi husukumwa mitaa ya pembeni ambako daladala ni chache. Desemba hadi Aprili, msimu wa mvua, makorongo hufurika na mitaa isiyo na lami hugeuka tope; Hiace huishia barabara kuu, na kilomita ya mwisho ni ya bodaboda. Patana bei kabla hujapanda, na vaa helmeti.