Santuri za Arctic Monkeys: ukiwa na pesa ya moja tu, anza na ipi?

Arctic Monkeys, bendi ya roki ya vijana wa Sheffield, Uingereza, walitoa albamu saba kati ya 2006 na 2022. Ukisikiliza ya kwanza kisha ya saba utadhani ni bendi mbili. Hapa Nairobi santuri mpya kutoka nje si kitu cha kununua kila mwisho wa mwezi, kwa hivyo nimezipanga kwa jinsi zinavyokusikizisha hayo mageuzi. Umaarufu nimeuweka kando.

1. Humbug (2009). Najua wengi wangetanguliza albamu yao AM. Lakini hapa ndipo njia ilipopinda. Walikwenda jangwa la Mojave, Marekani, kurekodi na Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age, na ngoma zilizokuwa zikikimbia zikaanza kutembea. Gitaa likawa zito, lenye mwangwi. Mwimbaji wao Alex Turner, aliyezoea kumwaga maneno kama makanga wa stendi ya Railways saa kumi na mbili asubuhi, sasa anaimba taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia siri. Mara ya kwanza haikunigusa. Mara ya tano sikutaka kuitoa kwenye pleya.

2. Whatever People Say I Am, That's What I'm Not (2006). Iliuza zaidi ya nakala 360,000 Uingereza wiki ya kwanza. Magitaa makali, kasi, na visa vya usiku: mabaunsa mlangoni, teksi, gari la polisi. Aliyewahi kutafuta gari Westlands saa tisa usiku hahitaji kufafanuliwa.

3. AM (2013). Mdundo wa hip hop chini, gitaa zito juu, waitikiaji kwa sauti nyembamba. Ni tamu kweli, ila nyingi ya nyimbo zake umeshazisikia.

4. The Car (2022). Fidla zimejaa. Ni ya jioni ya mvua.

5. Tranquility Base Hotel & Casino (2018). Turner aliitunga kwenye piano aliyopewa alipotimiza miaka 30, na gitaa likarudi nyuma. Usiinunue kabla ya Humbug, utapotea.

Favourite Worst Nightmare (2007) na Suck It and See (2011) ni nzuri, lakini zinaweza kusubiri.

Kenyatta Market, kati ya wasusi na moshi wa nyama choma, kuna santuri zilizotumika. Ukiipata yako, itoe kwenye jalada uiinamishe kwenye mwanga: vumbi litafutika, mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha hautoki. Kisha iinue usawa wa jicho uone kama imepinda. Mimi niliuziwa moja iliyokuwa imekaa juani. Kila mzunguko sindano ilipanda na kushuka, na wimbo wa kwanza wa kila upande ukawa unayumba, wakati nyimbo za karibu na katikati zilicheza vizuri kabisa. Angalia ukingo kabla ya kutuma M-Pesa.