Tuisheni ya fasihi ya Kihispania kwa mtihani wa AP: tathmini ya mzazi

Tathmini hii inahusu tovuti moja ya masomo ya ziada nchini Marekani, pamoja na mwalimu tuliyempata humo ili amwandae binti yetu kwa mtihani wa AP Spanish Literature and Culture, ambao College Board, shirika la mitihani la Marekani, huutoa kila mwaka mwezi Mei. AP ni kifupi cha Advanced Placement, yaani kozi za kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari. Niseme mapema kwamba tovuti yenyewe ni ya wastani, tena wastani kwa kuionea huruma, ilhali mwalimu ni mtu ambaye nisingesita kumlipa tena. Kwa kuwa vitu hivyo viwili huuzwa pamoja kwa bei moja, mzazi anayetaka huduma kama hii anapaswa kujua ni kipi hasa anachokilipia.

Ugumu huanzia kwenye jina la mtihani. College Board ina mitihani miwili ya AP ya Kihispania, mmoja wa lugha na mwingine wa fasihi, na yote miwili ina neno utamaduni katika jina lake. Ule wa lugha humtaka mtahiniwa ajibu barua pepe, aendeshe mazungumzo na ajenge hoja kwa kutumia vyanzo alivyopewa. Ule wa fasihi humtaka awe amesoma kazi 38 zilizoteuliwa, kuanzia hadithi ya Don Juan Manuel ya karne ya 14 hadi maandishi ya Isabel Allende, Rosa Montero na Nancy Morejón, kisha azichambue kwa maandishi akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Tovuti niliyoitumia inaiweka mitihani hiyo miwili katika fungu moja la utafutaji, kwa hiyo walimu wengi waliojitokeza walikuwa hodari wa mtihani ule mwingine. Hawakudanganya katika wasifu wao. Ni tovuti ndiyo iliyowachanganya. Kila nilipomwandikia mmoja wao na kumuuliza kama amewahi kumfundisha mwanafunzi soneti, yaani shairi la mistari 14, ya Garcilaso de la Vega, wengi walikiri kwa adabu kwamba hawajawahi, na wachache walijibu kwamba Kihispania ni lugha yao ya kuzaliwa, jambo ambalo sikuwa nimeliuliza.

Dhana hiyo kwamba mzawa wa lugha anatosha ndiyo inayowagharimu wazazi wengi. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mzawa, mcheshi, mwenye matamshi ya kupendeza, na binti yangu alitoka katika vipindi vyake akizungumza kwa kujiamini kuliko awali. Lakini walipofika kwenye Lazarillo de Tormes, kitabu kilichochapishwa mwaka 1554, vipindi viligeuka kuwa usimuliaji: kijana alitumikia kipofu, kisha padri, kisha bwana mwenye majivuno asiye na chakula. Kwa nini masimulizi yote yameandikwa kama barua kwa mheshimiwa mmoja asiyetajwa jina, na barua hiyo inamfichia nini msimulizi, hayo hayakuguswa. Tulimshukuru, tukaachana naye.

Muundo wa mtihani unaeleza kwa nini usimuliaji ni hasara. Mtihani huchukua muda wa saa tatu. Sehemu ya kwanza ina maswali 65 ya kuchagua jibu kwa dakika 80, nayo hubeba nusu ya alama. Nusu nyingine hutokana na maswali manne ya kuandika kwa dakika 100: maelezo mafupi ya kifungu, ulinganisho mfupi wa kifungu na kazi ya sanaa, insha ya kuchambua matini moja, na insha ya kulinganisha matini iliyoteuliwa na nyingine ambayo haimo katika orodha. Insha hizo mbili peke yake ni asilimia 35 ya alama zote. Kila moja husahihishwa mara mbili, kwa maana kwamba kuna alama hadi 5 za maudhui na alama hadi 5 za lugha, na vigezo vya maudhui vinasema wazi kwamba insha ambayo maelezo yake yanazidi uchambuzi haiwezi kufika juu. Mwanafunzi anaweza basi kuandika Kihispania kisafi kisicho na kosa na bado akapata alama duni, kwa sababu tu amesimulia kisa vizuri.

Mwalimu wa pili, ambaye ndiye ninayemsifu hapa, alilijua hilo kabla hatujamwambia chochote. Tovuti huruhusu kikao kifupi cha kufahamiana bila malipo, nami nilimtumia mapema insha ya binti yangu juu ya La casa de Bernarda Alba, tamthilia ambayo Federico García Lorca aliikamilisha mwaka 1936. Alifungua insha hiyo kwenye skrini na kuanza kupaka rangi: kijani kwa kila sentensi inayosimulia, njano kwa kila sentensi inayochambua. Ukurasa ulijaa kijani, ukabaki na vipande viwili vitatu vya njano, vingine vikiwa nusu sentensi. Hakutoa hotuba. Alimwomba binti yangu asome neno la kwanza analotamka Bernarda jukwaani na neno lake la mwisho, naye akagundua kwamba ni neno lile lile la kuamuru kimya. Kisha akamuuliza fimbo ya Bernarda inafanya kazi gani kabla binti yake Adela hajaivunja katika tendo la tatu. Maswali hayo mawili tu yaliigeuza sentensi ya kijani, ile ya kusema kwamba Adela anamwasi mama yake, ikawa aya nzima kuhusu mamlaka, sauti na kifaa kimoja cha jukwaani. Yeyote aliyewahi kufundishwa fani na maudhui katika somo la Kiswahili angemwelewa mara moja: alikuwa akikataa maudhui yaelee hewani bila fani ya kuyashika.

Vipindi vilivyofuata vilienda kwa utaratibu huo. Kile nilichokisikiliza kwa makini zaidi, nikiwa nimekaa pembeni, kilihusu soneti mbili za kumhimiza msichana afurahie ujana wake kabla haujapita, moja ya Garcilaso, aliyefariki mwaka 1536, na nyingine ya Luis de Góngora ya mwaka 1582. Walimu wengi wangeishia kusema kwamba dhamira ni moja. Huyu alizifunika soneti zote mbili kwa karatasi na kubakiza mistari ya mwisho tu. Kwa Garcilaso, wakati unabadilisha kila kitu kwa kuwa ndiyo desturi yake, na sauti ya mshairi ni tulivu, karibu ya mtu aliyeridhika na mpangilio wa dunia. Kwa Góngora, uzuri ule ule unateremka ngazi kwa ngazi, udongo, moshi, vumbi, kivuli, mpaka pasibaki kitu. Binti yangu aliulizwa ni kipi kati ya mistari hiyo kinaweza kuandikwa na mtu wa Mwamko wa Ulaya (Renaissance) na kipi ni cha enzi ya Baroko iliyoufuata, na ajibu bila kutumia majina ya enzi hizo mpaka awe amekwisha kuonyesha ushahidi katika maneno yenyewe. Ilimchukua muda mrefu, na mwalimu aliuacha ukimya uendelee. Nadhani ukimya huo ndio uliokuwa na thamani kubwa kuliko maelezo yoyote, kwa sababu katika mtihani hakuna wa kumsaidia.

Alikuwa na ustadi pia katika swali la sanaa, ambalo huwatisha wanafunzi kwa sababu kazi za sanaa hazina orodha ya kusoma. Alichukua Las meninas, picha ambayo Velázquez aliichora mwaka 1656 na kujichora mwenyewe ndani yake akiwa kazini, akaiweka kando ya sura ya tisa ya sehemu ya kwanza ya Don Quijote, riwaya ya Cervantes, pale msimulizi anapodai kwamba ameyakuta masimulizi hayo sokoni Toledo yakiwa kwa Kiarabu, kazi ya mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli. Hoja yake ilikuwa kwamba muundaji anayejionyesha ndani ya kazi yake anamlazimisha mtazamaji ajiulize yeye mwenyewe amesimama wapi. Uundaji wa kazi ya fasihi ni mojawapo ya mada sita rasmi za kozi hii, kwa hiyo zoezi hilo halikuwa pambo.

Upande wa kasoro, mwalimu huyu alipuuza kusikiliza. Maswali 15 kati ya yale ya kuchagua jibu hutegemea sauti, yakiwamo mahojiano na shairi linalokaririwa, na yana asilimia 10 ya alama. Yeye aliamini kwamba mwanafunzi anayesoma vizuri atasikia vizuri, imani ambayo siikubali, nasi tulilazimika kulifanyia kazi jambo hilo nyumbani. Vilevile kusahihisha insha nje ya kipindi hakukuwamo katika bei, na hilo halikuandikwa mahali popote kwenye ukurasa wake. Tulilijua baada ya kumtumia insha na kuletewa ombi la kulipia nusu saa ya ziada. Sikatai kwamba kazi hiyo inastahili malipo, tena pengine ndiyo sehemu bora ya huduma yake, ila mteja anastahili kuelezwa kabla.

Tovuti ndiyo iliyonichosha zaidi. Inauza saa kwa vifurushi vinavyolipwa mapema, na inakata saa nzima kipindi kinapoahirishwa siku hiyo hiyo, hata anayeahirisha akiwa mwalimu, mpaka uandike barua kudai haki yako. Tulipoandika, saa yetu ilirudishwa, lakini hakuna sababu ya mzazi kufuatilia kosa ambalo mfumo wao wenyewe umelirekodi.

Kabla ya kulipa popote, ningemshauri mzazi ahakikishe kwamba mwanafunzi amekwisha kutumia vitu ambavyo College Board imeviweka bure mtandaoni: maswali ya kuandika ya miaka iliyopita, vigezo vya usahihishaji, na sampuli za majibu ya wanafunzi halisi zikiwa na maelezo ya kwa nini kila moja ilipata alama iliyopata. Mwanafunzi mwenye nidhamu, aliye katika darasa linalosoma orodha yote, anaweza kuzisoma sampuli hizo sambamba na insha zake mwenyewe na asihitaji mtu wa kumlipa. Wetu alihitaji kwa sababu darasa lao lilikuwa limechelewa, na kazi za karne ya 16 na 17 zilikuwa zimepitiwa kwa haraka mno.

Kwa anayeamua kuajiri, atafute mwalimu aliyewahi kufundisha kozi hii yenyewe darasani, amtumie insha moja kabla ya kikao cha kwanza, na asilipe mpaka aone ameisahihisha kwa vigezo vya mtihani. Aanze pia na kifurushi kidogo zaidi kinachouzwa, hata kama bei ya kila saa ni kubwa kidogo. Sisi tutamchukua mwalimu huyu huyu kwa mdogo wake binti yetu akifika kozi hiyo, ikiwezekana nje ya tovuti pale masharti ya mkataba yatakaporuhusu.