Zotero kwa mwandishi wa tasnifu: orodha inajipanga, majina panga mwenyewe

Wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi tasnifu kuna kazi moja inayowakesha watu: kulinganisha majina yaliyomo kwenye mabano ndani ya sura na yale ya orodha ya marejeleo. Huyu katajwa sura ya pili, orodhani hayumo. Yule yumo orodhani, hakuna ukurasa unaomtaja. Zotero ilitengenezwa kuondoa adha hiyo. Ni programu ya bure yenye msimbo ulio wazi, ilianza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason huko Marekani, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Adha ya mwisho inaondoka kweli. Ila kuna nyingine ndogo inayohamia mwanzo, na wengi hawaambiwi.

Unasakinisha vitu viwili: programu yenyewe, na kiendelezi chake cha kivinjari (Chrome, Firefox au Edge). Kichupo cha Zotero ndani ya Word hujiweka chenyewe. Kisipoonekana, mara nyingi ni kwa sababu Word ilikuwa wazi wakati wa kusakinisha. Ifunge, kisha kisakinishe upya kupitia mipangilio ya Zotero, sehemu ya unukuzi.

Baada ya hapo, ukiwa kwenye ukurasa wa makala, tazama alama ya kiendelezi juu ya kivinjari. Ikiwa na umbo la karatasi, imetambua makala. Kitabu, imetambua kitabu. Folda, kuna matokeo mengi na utachagua unayoyataka. Bofya mara moja. Jina la mwandishi, mwaka, jarida, toleo na kurasa vinaingia kwenye kadi, pamoja na PDF kama inapatikana. Kama una DOI (namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) au ISBN (namba ya kitabu) tu, bofya kitufe chenye picha ya fimbo ya kiinimacho, bandika namba, gonga Enter. Kitufe hiki kina faida ya pili siku hizi: rejea uliyopewa na roboti la akili mnemba ikiwa DOI yake haileti kitu, au inaleta makala ya mambo mengine kabisa, itafute kwa mkono kabla hujaiamini.

Sasa kwenye kasoro. Zotero inachukua kilichoandikwa kwenye ukurasa, na kurasa nyingi zimeandikwa ovyo. Hifadhi za kidijitali za vyuo ndizo zinazosumbua zaidi: tasnifu inaingia kama makala ya jarida, mwaka unakuwa ule iliyopakiwa badala ya ule iliyokabidhiwa, na jina lote liko kwa herufi kubwa. Google Scholar nayo hutoa kadi pungufu, na ukihifadhi nyingi kwa mfululizo itakudai uthibitishe kwamba wewe si roboti. Ni heri ufuate kiungo hadi kwenye ukurasa wa jarida lenyewe na ubofye huko. PDF iliyopigwa skani kama picha haisomeki kabisa; kadi yake utaijaza kwa mkono.

Kagua mambo manne kila unapoingiza kadi: aina ya chanzo, mwandishi, mwaka, herufi za kichwa. Ni nusu dakika. Kwenye mwandishi, toa "Dkt." na "Prof.", maana vikibaki vitatokea orodhani. Taasisi ina mtego wake. Ukiiacha Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye visanduku viwili vya jina, programu itaichukulia "Takwimu" kuwa jina la ukoo na kuigeuza ofisi iliyobaki kuwa herufi za mwanzo. Pembeni mwa jina kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku hivyo kuwa kimoja. Kitumie kwa wizara, tume, benki na mashirika yote.

Kuna kosa lingine ambalo wanafunzi hudhani ni ugonjwa wa programu. Ndani ya sura, mwandishi mmoja anatokea kama "A. Mbwana, 2019" wakati wengine wote ni jina la ukoo peke yake. Sababu ni kwamba kadi moja inasema "Asha Mbwana" na nyingine "A. Mbwana", Zotero inaamini ni watu wawili, na mtindo wa unukuzi wa APA unataka watofautishwe. Sawazisha majina kwenye kadi, herufi hiyo itatoweka. Vivyo hivyo "2019a" na "2019b" zikitokea bila sababu: umehifadhi kazi moja mara mbili. Fungua sehemu ya nakala rudufu upande wa kushoto, uziunganishe.

Anayeandika kwa Kiswahili ana ya ziada. Mtindo wa Chicago hupandisha herufi kubwa kwenye vichwa kwa desturi ya Kiingereza, kwa hiyo "Matumizi ya mbolea kwa wakulima wadogo" inatoka "Matumizi Ya Mbolea Kwa Wakulima Wadogo". Dawa ni kujaza sehemu ya lugha kwenye kadi: andika sw, na kichwa kitaachwa kama ulivyokiandika. Halafu kuna "and", "&" na "et al." katikati ya sentensi za Kiswahili. Fungua mtindo wako kwenye kihariri cha mitindo cha Zotero, ongeza istilahi za lugha: and iwe "na", et-al iwe "na wenzake". Kwa APA, badilisha pia kila palipoandikwa and="symbol" kuwa and="text", la sivyo "&" itabaki. Muhimu: hifadhi kwa jina jipya na kitambulisho kipya. Ukiacha vya zamani, mtindo utakapojisasisha utafuta kazi yako yote. Ni saa moja ya kuhangaika, lakini programu inayoruhusu ufundi huo bila malipo si ya kubezwa.

Ndani ya Word mambo ni mepesi. Weka kishale, bofya kitufe cha kuongeza nukuu, andika jina la ukoo au neno la kichwa, chagua. Bofya jina lililochaguliwa uweke namba ya ukurasa, au ufiche mwandishi pale unapotaka "Mbwana (2019) anadai". Usihariri maneno yaliyo ndani ya mabano kwa mkono. Zotero itakuuliza kama uyaache hivyo, na ukikubali, nukuu hiyo haitajisasisha tena. Tasnifu yenye mamia ya nukuu huanza kuburuta: zima usasishaji wa papo kwa papo kwenye mipangilio ya waraka, uuwashe mwishoni.

Balaa kubwa hutokea rasimu inaposafiri. Msimamizi akiifungua kwenye Google Docs, akasahihisha na kuirudisha kama faili la Word, nukuu zako zinaweza kurudi zikiwa maandishi makavu yasiyo na uhusiano na kadi. Mpe PDF, au mwombe atumie Word na maoni ya pembeni. Wanaotumia WPS Office, nao si wachache, wajue kwamba Zotero haina kiunganishi rasmi cha WPS. LibreOffice ni ya bure na inakubali.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300. Kadi hazihesabiki, zinazohesabiwa ni mafaili tu, kwa hiyo PDF za MB 2 zitaingia kama 150 hivi. Tasnifu chache za skani zinaimaliza haraka. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Asiyetaka kulipa azime usawazishaji wa mafaili, aache wa kadi, na kila wiki afunge programu na kunakili folda nzima ya Zotero kwenye flashi. Usiiweke folda hiyo ndani ya Dropbox au Google Drive, hifadhidata huharibika.

Mendeley, programu ya kazi hiyohiyo ya kampuni ya Elsevier, inatoa GB 2 bure, lakini kurekebisha mitindo kwa Kiswahili ni rahisi zaidi kwenye Zotero. EndNote, nyingine ya aina hiyo, ni ya kulipia. Itumie kama chuo kimeshalipa.

Kwa insha ya kurasa nane yenye rejea sita, yote haya ni mzigo. Nenda zbib.org, ya watengenezaji haohao: bandika DOI, ISBN au kiungo, chagua mtindo, nakili orodha. Haitaki akaunti wala kusakinisha kitu. Orodha inakaa kwenye kivinjari tu, kwa hiyo kwenye kompyuta ya maabara inakili kabla hujainuka. Anayekuja baada yako akifuta historia, imekwenda.